Kilichonaswa ndani ya kwarzi: turmalini, lami au kivuli?

Msomaji ameniandikia hivi: "Mtaalamu, habari za kazi. Nimeanza kukusanya fuwele za kwarzi zenye vitu vyeusi ndani. Ninazo tatu. Ya kwanza imejaa sindano nyeusi zinazopishana huku na huku. Ya pili ni ndogo, ina ncha pande zote mbili, na ndani yake kuna chembe nyeusi iliyokaa kwenye kishimo chenye maji. Ya tatu ina kivuli cheusi chenye umbo la fuwele nyingine. Aliyeniuzia anasema zote ni turmalini. Nitajuaje ukweli? Nikiendelea kununua nichague zipi, nizioshe vipi, na je, nikate moja nione kilichomo?"

Habari za kazi ni njema, ndugu yangu. Niseme mapema kwamba kwa maelezo yako zote tatu haziwezi kuwa turmalini, yale madini yanayoota kama fimbo au sindano. Ya kwanza huenda ni turmalini kweli. Ya pili sidhani hata kidogo. Ya tatu yaelekea ni vumbi la madini mengine kabisa, na nitaeleza kwa nini. Ila jina ni nusu tu ya jibu. Kabla ya kuuliza "hiki ni nini?" jizoeze kuuliza kati ya kwarzi na kile cheusi, kipi kilitangulia. Mkusanyaji anayeuliza hivyo hadanganyiki kirahisi, na mawe yake huanza kumweleza mambo ambayo lebo ya muuzaji haina.

Kwarzi ni oksidi ya silikoni. Fuwele nyingi tunazozipenda ziliota ndani ya nyufa na matundu ya miamba, maji ya moto yenye silika yakipita na kuacha tabaka juu ya tabaka. Wakati fuwele inakua, kinachokutwa njiani humezwa. Kwa hiyo kitu cheusi kina njia tatu za kuwa humo. Huenda kilikuwapo kabla ya kwarzi, nayo ikakizunguka. Huenda viliota pamoja kutoka maji yaleyale. Au kiliingia baadaye, kwarzi ikiwa tayari imekomaa, kwa kupenya kwenye ufa. Eduard Gübelin, mtaalamu wa vito wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchungulia ndani ya vito kwa hadubini, alivigawa vitu vilivyonaswa katika makundi hayohayo matatu, na mgawanyo huo unatumika mpaka leo.

Tuchukue jiwe lako la sindano. Turmalini nyeusi, ile yenye chuma kingi iitwayo shorli, ni mwandamani wa kawaida sana wa kwarzi, hasa katika pegmatiti, yaani miamba yenye fuwele kubwa kubwa, na mawe mengi ya aina hiyo hutoka Brazil. Alama zake zinaonekana kwa lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10. Sindano ya turmalini ina mistari midogo inayokwenda kwa urefu wake, na ukiikuta imekatwa mahali inapotokeza kwenye uso wa jiwe, mkato wake ni pembetatu yenye mbavu zilizovimba. Haipindi. Ikilemewa huvunjika vipande vifupi, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini sana: tafuta sindano iliyokatika, vipande vyake vikiwa vimesogea kidogo, na katikati yao kwarzi safi isiyo na ufa. Ukiiona hiyo umepata jibu la swali la kutangulia. Turmalini ilikuwapo kwanza, ikavunjika mwamba ulipotikisika, kisha kwarzi ikaja kujaza nafasi. Huo ni ushahidi ambao hakuna mchongaji anayeweza kuutengeneza.

Lakini sindano nyeusi si lazima iwe turmalini. Rutili, yaani oksidi ya titani, hujulikana zaidi kwa nywele zake za dhahabu au nyekundu ya shaba, ila sindano nene za rutili huonekana nyeusi kwa mwanga wa kawaida. Weka tochi kali nyuma ya jiwe na utazame ncha nyembamba kabisa: rutili huachia wekundu wa damu ya mzee, na uso wake hung'aa karibu kama chuma. Shorli hubaki nyeusi, au huonyesha kahawia au buluu nzito pembeni. Nywele nyembamba zinazojipinda, zenye rangi ya kijani kibichi cheusi au buluu, mara nyingi ni madini ya kundi la amfiboli. Baadhi ya hayo ni jamii ya asbestosi. Yakiwa yamefungwa ndani ya kwarzi hayana madhara, ila ni sababu mojawapo ya kutokatakata mawe usiyoyajua.

Kuna pia kitu ambacho si madini. Mirija mitupu ndani ya kwarzi, na matundu yenye umbo la fuwele, huonekana meusi kabisa kwa sababu mwanga unaoingia kwa pembe fulani hugeuzwa wote usipite. Zungusha jiwe polepole chini ya taa moja. Kama ile "sindano nyeusi" inawaka fedha ghafla kisha inazimika, unatazama uwazi. Madini halisi hubaki na rangi yake, yakibadilika kidogo tu kwa mng'ao. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila anayeanza alifanye kabla ya kutoa pesa.

Sasa jiwe la pili, ambalo nakiri linanivutia kuliko mengine. Fuwele ndogo zenye ncha mbili, angavu, zenye chembe nyeusi ndani, sifa zake zinafanana sana na zile za Herkimer County katika jimbo la New York, Marekani. Watu huziita almasi za Herkimer, ingawa ni kwarzi tupu. Ziliota ndani ya matundu ya mwamba wa dolomiti wa zama za Kambriani, tope la bahari lililotandazwa takriban miaka milioni 500 iliyopita, na kwa kuwa ziliota bila kushikamana sana na ukuta wa tundu, zikapata ncha pande zote. Kile cheusi ndani yake huitwa anthraksoliti. Ni mabaki magumu yenye kaboni nyingi ya mafuta ya kale, yaani uhai wa bahari ile uliopikwa ardhini. Hakina umbo la fuwele: ni kipande kisicho na mpango, wakati mwingine chenye mpasuko unaong'aa kama kioo, na mara nyingi hukaa kwenye kishimo chenye maji na kiputo cha gesi, kama ulivyoeleza.

Zipo pia kwarzi za Balochistan, Pakistan, zenye mafuta ya petroli ya manjano ndani, gesi, na vipande vyeusi vya lami, vyote katika kishimo kimoja. Hizi zina jaribio zuri sana: ziweke gizani uziangaze kwa taa ya urujuanimno (UV) ya mawimbi marefu, na mafuta yatang'aa kwa rangi ya samawati au manjano huku kwarzi yenyewe ikibaki kimya. Fanya hivyo kwa jiwe lako. Majimaji yaking'aa, una mafuta ndani. Yasipong'aa, huenda ni maji yenye chumvi, jambo la kawaida tu, na ile chembe bado inaweza kuwa anthraksoliti. Kwa vyovyote vile turmalini haielei kwenye kishimo kwa namna hiyo.

Kile kiputo nacho si cha kupuuzwa. Maji yalipofungwa yalikuwa ya moto na yamejaza kishimo chote. Jiwe lilipopoa yakanywea, na nafasi iliyobaki ikawa kiputo. Mwingereza Henry Clifton Sorby alieleza mwaka 1858 kwamba ukilipasha jiwe moto mpaka kiputo kitoweke, unakaribia kujua joto la siku fuwele ilipokuwa ikikua. Wanajiolojia hufanya hivyo mpaka leo katika maabara, kwa vipande vidogo vyembamba. Nyumbani usijaribu, maana maji yanayotanuka ndani ya jiwe hulipasua. Hata jua kali la dirishani au baridi ya kugandisha inatosha kuharibu fuwele ya aina hiyo.

Jiwe la tatu, lenye kivuli, tunaliita fuwele yenye mzuka. Kwarzi ilikua, ikasimama. Wakati imesimama, vumbi la madini likatua juu ya nyuso zake. Kisha maji ya silika yakarudi, kwarzi ikaendelea kukua juu ya vumbi lile, na umbo la zamani likabaki limechorwa ndani. Vumbi hilo mara nyingi ni kloriti, madini ya kijani ambayo kwa mwanga mdogo utaapa ni nyeusi, ila tochi ikiipenya hugeuka kijani. Milima ya Alpi imetoa nyingi za namna hiyo. Likiwa jekundu au la kahawia, ni oksidi za chuma. Turmalini haifanyi tabaka laini linalofuata nyuso za fuwele namna hiyo.

Angalia jambo moja zaidi katika jiwe hilo: je, mzuka umepakwa pande zote sawa? Mara kwa mara utakuta nyuso tatu hivi ni nyeusi na nyingine ni safi. Vumbi lilikuwa likishuka chini kwa uzito wake, likatua kwenye nyuso zilizotazama juu. Kwa hiyo jiwe hilo bado linakumbuka jinsi lilivyolala ndani ya mwamba. Mzuka ukiwa wa pande zote, vumbi huenda lilikuwa likielea kwenye maji au liliota palepale juu ya uso. Mimi hulipa zaidi kwa mzuka wa upande mmoja, ingawa sokoni wengi hutafuta ule uliokamilika.

Utakapoendelea utakutana na madini mengine. Hematiti, aina ya oksidi ya chuma, hukaa kama visahani vyeusi vya pembe sita, vinavyong'aa kama kioo cha kujitazama. Ukingo wake ukiwa mwembamba mwanga hupita mwekundu, na hapo huna shaka tena. Novo Horizonte, katika jimbo la Bahia, Brazil, hutoa kwarzi yenye visahani vya hematiti ambavyo rutili ya dhahabu imeota kutoka kwake kwa pande sita, ikifanya nyota. Mpangilio ni wazi: hematiti ilikuja kwanza, rutili ikafuata njia za atomu zilizokuwapo juu ya hematiti, na kwarzi ikafunga yote. Ilmeniti hufanana na hematiti lakini ukingo wake hauonyeshi wekundu. Madagascar imetoa fuwele zenye vinyota vidogo vyeusi vya hollanditi, madini ya manganizi, vikielea kila kimoja peke yake, na ni vizuri kiasi cha kutaka kuvitazama siku nzima. Kinywe, yaani grafiti, huja kama magamba ya kijivu cheusi.

Na kuna michoro ya matawi, inayofanana na mimea ya baharini. Hiyo si mimea. Ni oksidi za manganizi au chuma zilizopenya na maji kwenye ufa mwembamba, baada ya kwarzi kumaliza kukua. Geuza jiwe ubavu: matawi yote yatalala kwenye bapa moja, kwa kuwa ufa ni bapa. Hapo kwarzi ndiyo iliyotangulia.

Usichanganye haya yote na kwarzi ya moshi. Weusi wa kwarzi ya moshi hautokani na kitu kilichonaswa. Ndani ya fuwele, atomu chache za alumini zimechukua nafasi ya silikoni, na mionzi ya asili kutoka miamba ya jirani imeziathiri kwa muda mrefu sana hadi jiwe likatia moshi. Joto la kutosha huiondoa rangi hiyo. Binadamu pia huweza kuitia: kwarzi angavu hupelekwa kwenye mionzi ikatoka nyeusi. Fuwele nyeusi tititi kwa usawa, zilizosimama juu ya kitako cheupe pe, wakusanyaji wazoefu huzitilia shaka kwa sababu hiyo, nami pia.

Kuhusu udanganyifu, tabia ninayoiona mara nyingi ni jiwe halali lenye sura ya uongo. Vipande vya kwarzi yenye turmalini huchongwa kwa mashine vikapewa pande sita na ncha, kisha huuzwa kama fuwele asilia. Vilivyomo ndani ni vya kweli, umbo la nje ni la kiwandani. Uso wa asili wa pembeni wa kwarzi una mistari midogo inayokwenda kwa upana, ikikatiza urefu wa fuwele, na nyuso sita za ncha mara chache hulingana. Ukikuta nyuso laini kabisa, zote sawa, kingo zake zikiwa zimelegea kidogo kwa kung'arishwa, jiwe limechongwa. Si kosa kulinunua ukijua. Ni kosa kulilipia bei ya fuwele.

Udanganyifu mwingine ni wa tundu. Fuwele hutobolewa kutoka kitakoni, kitu cheusi kikaingizwa, tundu likazibwa kwa gundi na unga wa mwamba. Chunguza kitako kwanza kuliko ncha. Njia ya keekee ni ya mviringo na kuta zake zina mikwaruzo ya mzunguko. Gundi huwa na viputo vya duara, na nyingi huwaka chini ya taa ya urujuanimno. Nyufa zilizotiwa wino huonyesha rangi iliyokusanyika kwenye nyufa tu. Kioo nacho kina viputo vya duara na mikondo ya mawimbi, na ukikishika hakina ule ubaridi wa kwarzi unaodumu kiganjani.

Kwa kutazama, fanya hivi: tumbukiza jiwe kwenye bakuli la glasi lenye maji safi. Mng'ao wa nje unaokusumbua hupungua sana, na ndani hufunguka. Tochi moja nyuma, moja ubavuni, si zote kwa pamoja. Ya nyuma hukuonyesha rangi za kingo, ya ubavuni hukuonyesha mng'ao wa uso wa kilichonaswa. Watu wengi huangaza kutoka juu peke yake, kisha wanasema hawaoni kitu. Jiwe lenye ufa unaofika nje, au lile lako la pili lenye kishimo, lisikae majini. Lichunguze likiwa kavu.

Umeuliza uchague zipi. Ushauri wangu ni kununua chache. Jiwe lililojaa weusi mpaka huoni ndani linaweza kuwa zuri mezani, lakini halisomeki. Mimi huchagua fuwele ambayo kilichonaswa ni kimoja au viwili, kimekaa mahali pa kuonekana kupitia uso ulio safi, na ncha ya fuwele haijagongwa. Huangalia kama mpangilio wa nani alitangulia unaonekana wazi. Baada ya hapo tu ndipo ukubwa. Na nikipewa kuchagua kati ya jiwe bora lisilojulikana lilikotoka na jiwe la wastani lenye mahali palipotajwa, nitachukua la pili kila mara. Mahali ulipotoka mwamba ndipo panapokuambia ni madini gani yanawezekana humo na yapi hayawezekani. Bila hapo, nami ninayekujibu nabaki kukisia, kama unavyoona nilivyosema "huenda" mara kadhaa.

Basi andika lebo leo, kabla hujasahau. Mahali kwa undani unaoujua, tarehe, uliyempata kwake, bei, na kile unachodhani kimo ndani pamoja na sababu ya kudhani hivyo. Tia doa dogo la rangi nyeupe sehemu isiyoonekana ya jiwe, andika namba juu yake, na namba hiyohiyo iwe kwenye daftari. Karatasi peke yake hupotea. Ukibadili mawazo kuhusu jina, usifute la zamani. Ongeza jipya chini yake na tarehe. Na kama utaanza kuchimba mwenyewe, pata kwanza ruhusa ya mwenye ardhi na kibali kinachotakiwa, na usiingie kwenye mashimo yaliyoachwa.

Kuosha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini. Jiwe na maji viwe na joto linalokaribiana. Kwarzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, na haichubuki kirahisi, lakini haipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Mashine za kuosha kwa mitetemo ni hatari kwa fuwele yenye maji ndani. Asidi ya oksali, ambayo wengi huitumia kuondoa kutu ya chuma, ni sumu, na tena inayeyusha oksidi za chuma zilezile zinazoweza kuwa ndizo uzuri wa jiwe lako kama zinafika nje kupitia ufa. Asidi ya hidrofloriki usiiguse kabisa, haijalishi nani amekushauri; inaua. Fuwele iliyong'olewa ardhini sasa hivi ifunge kwenye karatasi na kitambaa, iache izoee hewa taratibu kivulini, ndipo uioshe.

Umebaki na swali la kukata. Usikate. Vumbi la kwarzi likivutwa mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usiopona, ndiyo maana wachongaji hukata kwa maji na kuvaa barakoa za kuchuja. Zaidi ya hilo, huhitaji kukata. Maabara za vito na idara nyingi za jiolojia za vyuo vikuu zina kifaa kinachopeleka mwanga wa leza kupitia kwarzi angavu hadi kwenye kile kilichonaswa, kisha kusoma mwanga unaorudi, ambao kila madini huurudisha kwa namna yake. Kinategemea tabia ya mwanga aliyoieleza mwanafizikia wa India, C. V. Raman, mwaka 1928, iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 1930. Jiwe hutoka lilivyoingia. Kati ya matatu yako ningepeleka lile la sindano, kwa kuwa tofauti ya turmalini, rutili nene na amfiboli ndiyo inayoweza kulishinda jicho hata lenye lenzi nzuri. La mzuka tochi itakutosha. La chembe nyeusi lianze kwa taa ya urujuanimno, na niandikie rangi utakayoiona.